Mkombero wangu wa shambani una mizizi iliyojikunja na hauna harufu. Kuna namna ya kuipiga picha ikiwa bado ardhini?

#1 Shamba_la_Mzee (Vihiga)
Habari zenu wakuu. Nina mikombero kama 200 pembezoni mwa shamba, ile mimea inayopanda juu ya miti na mizizi yake hutafunwa, sasa ni miezi 20 tangu niipande. Ukiitazama juu inapendeza: majani mapana, mashina yamepanda miti ya migrivea mpaka kileleni, ukikata tu utomvu mweupe unachuruzika. Juzi nilifukua mitatu nipeleke sokoni. Mzizi ni mnene kuliko dole gumba, lakini ukishuka kama shubiri moja na nusu unajipinda, unakwenda kando, mmoja ulikuwa umejizungushia kama kamba ya ndoo. Mama anayenunua kwangu akauvunja, akanusa, akatafuna kidogo, akaniambia, "Baba, hizi ni kuni." Ule anaoletewa kutoka upande wa msitu wa Kakamega umenyooka, na ukiuvunja tu harufu ile tamu inajaa kibanda kizima.

Nikifukua kuangalia, ninaua mmea. Siwezi kuua 200 ili nijue tatizo. Nimesikia wenzetu wanapiga mizizi eksirei ikiwa bado kwenye udongo. Inawezekana kwa mtu kama mimi? Na nyinyi mnadhani nini kimeipata?

#2 Jembe_Halilali
Naweka kambi hapa. Nina miche 40 kitaluni inasubiri mvua.

#3 Dada_Mionzi (Mwanza)
Mkuu, kazi yangu ya kila siku ni mionzi, vifua na mifupa. Nikuambie ukweli mapema: eksirei ya kawaida haitakusaidia. Eksirei ni kivuli. Kila kilicho kati ya bomba la mionzi na bamba la picha kinarundikana kwenye picha moja. Mfupa tunauona kwa sababu ni mzito na nyama iliyouzunguka ni nyepesi. Kwenye mmea mambo yamepinduka, udongo ndio mfupa na mzizi ndio nyama. Nikiwa chuoni tuliruhusiwa kujaribu kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea) cha mche wa mwembe kwenye mashine ya mafunzo. Nilipata ukungu mweupe na vijiwe viwili vimekaa katikati kama macho. Mzizi hata mmoja sikuuona.

Siti skani ni habari nyingine. Ile inazunguka, inapiga kutoka pande zote, kisha kompyuta inakujengea vipande kimoja kimoja kama mkate uliokatwa. Kwenye vipimo vyetu vya jinsi kitu kinavyozuia mionzi, maji ni 0 na hewa ni −1000. Mzizi mbichi umejaa maji, kwa hiyo unakaa jirani na 0, na chembe za madini za udongo ziko juu sana ya hapo. Mzizi mnene kama dole gumba utaonekana hata kwa mashine ya hospitali, ambayo kipande chake chembamba ni kama nusu milimita. Vile vinyweleo vyembamba, sahau. Ila mashine ile ni ya wagonjwa. Usije ukambembeleza mtu akuingizie ndoo ya udongo usiku.

#4 Mwl_Chaki
Nakazia #3. Vipimo hivyo vinaitwa kwa jina la Hounsfield, Mwingereza aliyegundua eksirei.

#5 Mpenda_Historia
Mwalimu, hapo umeteleza. Eksirei iligunduliwa na Röntgen, Mjerumani, mwaka 1895. Hounsfield ndiye aliyetengeneza siti skani, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo London mwaka 1971. Nobeli ya 1979 aligawana na Allan Cormack, na huyo ni mtoto wa Johannesburg. Hesabu za kujenga picha kutoka pande nyingi alianza kuziwaza miaka ya 1950 akifanya kazi Cape Town, katika hospitali ya Groote Schuur. Hili huwa linasahaulika, kwa hiyo naliandika hapa lisomwe.

#6 Mwl_Chaki
Nimesahihishwa. Asante.

#7 Mbuyu_Ugenini (Ujerumani)
Salamu wakuu. Nasomea mimea huku, nimekaa chumba kimoja na hizo mashine, niongeze kwenye #3.

Chuo Kikuu cha Nottingham kina jengo zima la kupiga mizizi siti skani, na wamelipa jina la huyohuyo Hounsfield. Mashine zao ni za viwandani, zinaona vitu vidogo kuliko za hospitali, lakini kuna mtego: kadiri chungu kinavyokuwa kipana ndivyo picha inavyopoteza ukali. Kama kanuni ya mkono, kitu kidogo kabisa unachoweza kukiona ni kama sehemu moja ya elfu ya upana wa chungu, au nusu ya hapo ukibahatika. Chungu cha sentimita 10 kinakupa pikseli ya mikroni (sehemu za elfu za milimita) 50 hadi 100. Mzizi mwembamba kuliko hapo unapotea. Sasa mkombero wa miezi 20, mzizi urefu wa mkono, utauweka kwenye chungu gani?

Na kuna tatizo la maji. Udongo ukiwa umelowa, maji yaliyo kwenye vitundu vyake yanafanana na mzizi, na mashine haitofautishi. Ukikauka sana, mzizi unasinyaa na mmea unateseka. Kwa hiyo watu wanamwagilia, wanasubiri maji ya ziada yachuje, ndipo wanapiga. Hata hapo, mtu anakaa siku nzima mbele ya kompyuta akifuatisha mzizi kipande kwa kipande, akijiuliza kama hiki ni mzizi au ni jani lililooza.

Njia nyingine ni MRI, mashine ya sumaku, ambayo haioni uzito bali inaona maji yenyewe. Kituo cha utafiti cha Jülich, huku Ujerumani, wamefuatilia viazi-sukari vya Ulaya (vile vya kutengenezea sukari, si viazi vitamu) vikinenepa ardhini bila kuvigusa. Wameiunganisha hata na kamera ya PET, inayofuatilia mionzi: wanalisha jani hewa yenye kaboni-11, kaboni ya mionzi, kisha wanatazama sukari ikishuka mzizini. Kaboni hiyo nusu yake inaisha kwa dakika 20 tu, kwa hiyo ni mbio. Lakini Mzee wa Vihiga, udongo wako ni mwekundu?

#8 Shamba_la_Mzee
Mwekundu kama tofali.

#9 Mbuyu_Ugenini
Basi MRI nayo ina kikwazo. Wekundu huo ni chuma. Si kila chuma kinasumbua, ila chembe zile zinazonaswa na sumaku zinapinda uga wa sumaku wa mashine na picha inatoka imechanika. Pitisha sumaku ya spika ya redio juu ya udongo wako mkavu uliosagwa. Ukiona chembe zinanata, ujue. Ndiyo maana watafiti wengi hutumia mchanga au udongo waliouchagua, halafu mzizi wa kwenye mchanga hauna tabia ya mzizi wa shambani kwako.

#10 Jembe_Halilali
Nimefanya hilo la sumaku sasa hivi, niko Bungoma. Zimenata kama manyoya.

#11 Fundi_Kitalu (Arusha)
Wakuu, mnazunguka dunia nzima na jibu liko kitaluni. Mzee, miche ulitoa wapi, na ilikaa kwenye viriba muda gani?

#12 Shamba_la_Mzee
Mingi nilinunua ikiwa kwenye viriba. Mvua ilichelewa, ikakaa kama miezi 7. Kama 30 hivi nilitengeneza mwenyewe kwa vipandikizi vya shina. Na michache, labda 10, niliotesha kwa mbegu palepale shambani, zile mbegu zenye usufi zinazopeperuka.

#13 Fundi_Kitalu
Miezi 7 kwenye kiriba! Umepata jibu lako. Mzizi ukifika chini ya kiriba haupiti, unazunguka. Ukishaota kwa kuzunguka haunyooki tena hata ukiupanda kwenye pamba. Kabla ya kupanda chana kiriba, tazama kitako cha udongo; ukiona mizizi imejiviringa, kata kile kitako sentimita mbili kwa wembe. Nimepanda miti miaka 15, hili nimeliona kwenye mivule, kwenye miparachichi, kwenye kila kitu. Hapo hakuna haja ya mashine ya Nottingham.

#14 Chuma_Chini
Fundi, nakuheshimu, lakini soma #1 vizuri. Kasema unajipinda "shubiri moja na nusu". Kiriba hakifiki huko. Hiyo ni sentimita 30 hivi, na hapo ndipo pana tabaka gumu kwenye mashamba yaliyolimwa miaka mingi kwa kina kilekile. Mzizi unagonga, unageuka. Msituni hakuna aliyelima, kwa hiyo unashuka. Mzee, chukua nondo ya milimita 8, noa ncha, isukume kwa mkono mvua ikishanyesha. Pale itakapokataa, pima.

#15 Fundi_Kitalu
Na ule uliojizungusha kama kamba ya ndoo? Tabaka gumu halizungushi mzizi.

#16 Chuma_Chini
Huo mmoja nakupa. Mingine miwili ni yangu.

#17 Nalongo_wa_Masaka (Uganda)
Sisi twauita mulondo. Nimeupanda miaka sita. Mnasema sana umbo lakini huyo mama wa sokoni hakulalamikia umbo, alilalamikia harufu. Chukua mzizi, ukate kama unavyokata muhogo. Utaona ganda nene laini nje na mti mgumu katikati. Watu hutafuna lile ganda, wa katikati wanautupa. Mzizi wako mnene unaweza kuwa mti mwingi na ganda kidogo. Mimi wanaponiletea, huwa sitazami unene, nakata na kupima ganda kwa ukucha. Ganda likizidi upana wa ukucha wangu wa kidole kidogo, nanunua.

#18 Mbuyu_Ugenini
Nalongo, umesema jambo ambalo watu huku wanalipia mashine ghali kulijua. Kemikali za dawa hazikai mzizi mzima sawasawa. Mfano danshen, mmea wa dawa wa Wachina, mzizi wake ni mwekundu nje kwa sababu kemikali zenyewe zina rangi na zinakaa kwenye ngozi. Kwa hiyo mizizi myembamba, ambayo ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na mwili, inaweza kuwa na dawa nyingi kwa kilo kuliko minene. Kuna upigaji picha mwingine ambao hauonyeshi umbo kabisa: wanachukua kipande chembamba cha mzizi, wanakipiga leza nukta kwa nukta, kila nukta inapimwa uzito wa molekuli zake, mwisho wanapata ramani ya wapi kemikali ipi imekaa. Hiyo harufu ya mkombero ina molekuli yake inayojulikana, ni ndugu wa ile ya vanila: atomu zilezile, zimepangwa tofauti.

#19 Kijana_wa_Mbale
Mkombero huo si ndio ule wa akina baba? Mzee 200 zote za nini, kaya nzima imeagiza?

#20 Nalongo_wa_Masaka
Mwanangu, hapa tunauongelea mzizi wa kuleta hamu ya kula na wa mama aliyejifungua pia. Kaa, usome.

#21 Kijana_wa_Mbale
Nimekaa, mama. Lakini nina swali la kweli: mzizi uliopigwa mionzi ukiutafuna haudhuru?

#22 Dada_Mionzi
Haudhuru. Mionzi ya eksirei inapita kama mwanga wa tochi, ukizima hakuna kinachobaki ndani. Mzizi haugeuki kuwa wa mionzi. Ila mmea wenyewe ukipigwa mara nyingi, kwa dozi kubwa, unaweza kuathirika katika ukuaji, ndiyo maana wanaofuatilia mmea mmoja wiki kwa wiki wanahesabu dozi.

#23 Mama_Minyoo (Morogoro)
Kuna aliyeuliza kuhusu minyoo fundo? Mzee, ile minene iliyojipinda ina vinundu kama shanga? Minyoo fundo wanakunja mzizi na kuunenepesha, na kama pale ulikuwa na nyanya au maharage miaka iliyopita, wako hapo. Osha mzizi vizuri, upige picha ya karibu na sarafu pembeni, utuwekee.

#24 Shamba_la_Mzee
Nyanya zilikuwepo, misimu miwili. Nitaosha.

#25 Mjukuu_wa_Shinyalu
Marehemu kuku, yaani bibi yangu, alikuwa akichimba mkombero wa dawa, na sikuwahi kumwona aking'oa mmea. Alikuwa akipiga magoti upande wa chini wa mteremko, anafukua kwa kijiti, si kwa jembe, anafuata mzizi kwa vidole mpaka anapoupata ule anaoutaka. Anakata mmoja, labda miwili, ya upande huo tu. Anarudisha udongo, anaugandamiza kwa kiganja, anafunika majani makavu. Msimu ujao anakwenda upande wa pili. Mzee, kwa nini usifukue upande mmoja? Utaona umbo, na mmea hautakufa.

#26 Mbuyu_Ugenini
#25 ni maabara kamili. Namibia, jangwa la Kalahari, wanaovuna ile dawa inayoitwa kucha la shetani wanafundishwa hivyohivyo: mzizi mama unaachwa, vinachukuliwa viazi vya pembeni tu, shimo linafukiwa. Na dawa yenyewe imejaa zaidi kwenye hivyo vya pembeni.

#27 Skana_ya_Mtaani (Nakuru)
Mimi nafanya tasnifu ya mizizi, na chuo chetu hakina siti skani ya mimea. Hivi ndivyo tunavyofanya.

Mizizi minene: fukua upande mmoja kama #25, safisha kwa brashi ya kupakia rangi, weka rula, kisha tembea kuuzunguka ukipiga picha za simu 60 hadi 100, kila moja ikiingiliana na iliyopita. Kuna programu za bure zinazounganisha hizo picha kuwa umbo la pande tatu kwenye kompyuta. Utaweza kupima pembe, urefu na unene hata ukishafukia shimo. Piga kukiwa na mawingu. Jua kali linaweka vivuli vinavyoichanganya programu.

Mizizi myembamba: chukua kipande cha udongo, kiloweke usiku kucha, chuja kwa chekecheo la unga, mizizi inaelea. Itandaze kwenye trei ya plastiki angavu yenye maji kina cha kidole, itenganishe kwa kijiti cha meno, weka juu ya skana ya kawaida ya ofisini. Nukta 600 kwa inchi zinatosha. RhizoVision Explorer ni programu ya bure, inakuhesabia urefu wote na unene kwa madaraja. Skana yetu tuliinunua mtumba.

Na kwa miche mipya, tengeneza sanduku lenye upande mmoja wa kioo cha dirisha, uliegemeze kama digrii 40 kioo kikiwa chini. Mzizi unafuata uzito, unatambaa juu ya kioo. Funika kioo kwa plastiki nyeusi, maana mwanga unaharibu. Kila Jumapili unafunua, unapiga picha, unafunika.

#28 Jembe_Halilali
Hii ya kioo naifanya kwa miche yangu 40. Nusu mbegu, nusu vipandikizi. Asante mkuu.

#29 Chuma_Chini
Na ile rada ya kupenya ardhini? Nimesikia wanaipitisha juu ya mihogo wanaona viazi.

#30 Skana_ya_Mtaani
Imejaribiwa kwenye mihogo kweli. Inapenda mchanga. Mfinyanzi uliolowa unameza mawimbi yake, na udongo mwekundu kama wa Mzee una mfinyanzi mwingi. Tena mihogo ni kama mkono wa mtu, mkombero ni dole gumba.

#31 Shamba_la_Mzee
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nimefukua upande mmoja wa mimea sita, kwa kijiti, kama #25. Imechukua siku mbili na magoti yanauma. Nondo ilikataa kwenye sentimita 28 sehemu nyingi.

Miwili ya viriba: yote imejiviringa sentimita 15 za mwanzo, kisha imechepuka kando. Miwili ya vipandikizi: haina mzizi mkuu kabisa, ni mizizi mitano, sita, inatoka kwenye kifundo kama vidole vya kuku, imesambaa juujuu. Mmoja wa mbegu: umeshuka vizuri umenyooka, umefika palepale nondo ilipokataa, umegeuka kama kiwiko. Wa sita pia ni wa mbegu, lakini uliota kwenye kichuguu cha zamani. Huo umeshuka mpaka nilipochoka kuchimba, zaidi ya urefu wa mkono wangu, umenyooka kama fimbo.

Vinundu nimeviona kwenye mmoja tu wa viriba.

Sasa sikilizeni. Ule wa kichuguu, niliukata kipande, nikampelekea yule mama bila kumwambia chochote. Akauvunja, akanusa, akasema, "Huu umbo lake ni wa msitu. Harufu bado."

#32 Fundi_Kitalu
Viriba: mbili kwa mbili. Nasubiri pongezi.

#33 Chuma_Chini
Wa mbegu umegeuka pale nondo ilipokataa. Na mimi nasubiri.

#34 Nalongo_wa_Masaka
Niliwaambia umbo si harufu. Ganda lake lilikuwa nene kiasi gani?

#35 Shamba_la_Mzee
Wa kichuguu, kama milimita 4. Wale wa viriba ganda lilikuwa nene zaidi, 6, na bado hawana harufu. Hapo ndipo nimechanganyikiwa.

#36 Mjukuu_wa_Shinyalu
Umri, mzee. Wa bibi ulikuwa wa miaka mingi, hakuna aliyejua ulipandwa lini. Wako ni mtoto.

#37 Mama_Minyoo
Au samadi. Uliweka samadi nyingi? Mmea uliolishwa vizuri unakua haraka na hauna sababu ya kujihami. Harufu nyingi za mimea ni silaha.

#38 Nalongo_wa_Masaka
Mimi naweka samadi kila mwaka na wangu unanukia. Ulichimba mvua ikinyesha? Mulondo uliochimbwa kwenye mvua umejaa maji. Uache kivulini siku tatu ndipo uvunje.

#39 Mbuyu_Ugenini
Na tumekubaliana vipi kwamba ni mmea uleule? Jenasi ya Mondia, ambamo mkombero umo, ina spishi mbili. Mzee, ikitoa maua tuwekee picha.

#40 Shamba_la_Mzee
Nilichimba siku ya pili baada ya mvua kubwa. Samadi niliweka, ndoo moja kwa shimo. Maua bado. Nimeweka vipande vya ule wa kichuguu na wa kiriba kwenye ungo, kivulini, juu ya dari la jikoni. Jumamosi nampelekea tena yule mama, vyote viwili, bila kumwambia kipi ni kipi.

#41 Dada_Mionzi
Mmoja usikaushe. Uoshe, uufunge kwenye kitambaa kilicholowa. Rafiki yangu ana mashine ya kupigia picha ng'ombe na mbwa, ya eksirei ya kawaida, na mzizi ukiwa peke yake bila udongo utaonekana vizuri: mti wa katikati mweupe, ganda la kijivu. Nataka kuona kama ganda la milimita 4 na la 6 yana uzito mmoja.

#42 Jembe_Halilali
Sanduku langu la kioo tayari. Wiki ya pili. Ule wa mbegu umetoa mzizi mmoja mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, na tayari umeshuka sentimita 11. Wa kipandikizi una vidole vinne na hakuna hata kimoja kinachoelekea chini. Picha naweka usiku, mtandao ukitulia.